Kizibao cha Saykal

Uulkan alikuja na uzi wa vipimo Jumamosi asubuhi, akauweka juu ya mahameli nyekundu mezani pangu, akasema, "Dada Burul, nikatie kizibao cha bibi-arusi. Leo hii, tafadhali." Hakunitazama usoni. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo hapo, lakini mimi nikiletewa kazi ya mkasi, akili yangu yote huhamia vidoleni.

"Kwani harusi lini?" nikamuuliza.

"Karibu."

"Karibu ya kesho au karibu ya vuli?"

"Kata tu, dada. Kushona nitashona mwenyewe." Akatoka nje haraka, akaenda kujiunga na wenzake uani.

Chama chetu cha wafumaji kina wanawake kumi na wanne, nacho kinakaa katika jengo lililokuwa shule ya chekechea wakati wa shamba la ushirika. Ukutani bado yupo dubu wa kuchorwa aliyevaa kaptura, na vyoo vya humo ni vya watoto wa miaka minne, hivyo ukiwa na magoti mabovu unaomba Mungu kabla ya kukaa. Jumanne tunafundishana kupika rangi. Alhamisi wanakuja wasichana wa kijiji kujifunza kufuma kwenye kitanda cha mfumi. Jumamosi ni kazi ya pamoja: tunaichambua sufu, tunaipiga fimbo, tunaitandaza juu ya mkeka wa matete, tunaimwagia maji ya moto, tunaiviringisha, halafu tunaipiga mateke huku na huku mpaka ishikane iwe zulia. Ni mateke ya saa nzima na zaidi bila kusimama, kwa sababu sufu ikipoa katikati ya kazi haishikani tena, na kondoo hawanyolewi mara mbili ili kukufurahisha wewe.

Mimi ni mkataji. Nakata nakshi za mazulia kwa kisu bila kuchora, na nguo za harusi kwa mkasi. Jina langu, Burul, maana yake ni Geuka. Nilikuwa binti wa nne, wakaniita hivyo ili tumbo la mama ligeuke lianze kuzaa wanaume. Halikugeuka. Nadhani hasira nilizaliwa nayo.

Uulkan ndiye mpika rangi wetu. Hakuna mwanamke katika bonde zima anayetoa wekundu kama wake. Mwanawe Kubat anaosha magari Moscow, alikuwa amekuja likizo ya wiki mbili, na wiki ya kwanza ilishakwisha. Kwa hiyo tangu mwezi uliopita chama kizima tulikuwa tumeacha kazi nyingine tunamshughulikia yeye: zulia, pazia jeupe la kona ya maharusi, na kitambaa kikubwa cha ukutani chenye darizi ya pembe za kondoo.

Kitambaa hicho alikuwa anakidarizi Saykal. Jina la Kubat alishalimaliza kwenye kona kwa uzi wa bluu, na pembeni yake pameachwa nafasi ya jina la bibi-arusi. Kila tulipomuuliza Uulkan huyo binti anaitwa nani, alisema, "Ni wa mjini Naryn, wazazi wake hawataki maneno kabla ya siku yenyewe." Mimi nikaamini. Mjinga huwa hakosi mahali pa kulala.

Saykal ana miaka kumi na tisa. Mama yake alishafariki, na baba yake yupo malisho ya juu na kondoo wa watu kuanzia Mei mpaka Septemba. Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na saba hajui hata kutenganisha uzi wa mtande na uzi wa mshindio, na sasa hakuna anayemfikia kwenye kitanda cha mfumi, hata mimi, na mimi sisifu watu hovyo. Ana mdomo mchafu, anaimba vibaya, anakula maandazi ya wenzake. Akikaa kufuma, ule upanga wa mti wa kushindilia nyuzi anaupiga kwa nguvu mpaka dubu wa ukutani anatikisika. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, Toktokan, alisimama mbele yetu wote akatangaza kwamba kuanzia vuli Saykal ndiye mwalimu wa kitanda cha mfumi. Tulipiga makofi. Saykal aliona haya, akaangalia viatu vyake, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona hivyo.

Basi nikauchukua ule uzi wa vipimo, nikaanza kuusoma. Kwetu hatuandiki namba. Tunafunga mafundo: la kwanza urefu wa mgongo, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne bega. Uzi huu ulikuwa na mafundo mawili ya bega. Nikasita. Watu wote hupimwa bega moja, maana la pili ni pacha wake. Anayepimwa mawili ni mfumaji, na si mfumaji wa kujaribu, bali yule ambaye mkono wa upanga umefanya kazi kila siku mpaka bega lake limetanuka. Hapa la kulia lilizidi la kushoto kwa vidole viwili vizima.

Katika chama chetu wenye bega la namna hiyo ni wawili. Mmoja ni Toktokan, ambaye kifua chake kingemaliza uzi na bado ungedaiwa mwingine. Wa pili majira ya baridi nilimkatia aproni ya kufunika mgongo na mabega kwa mikono yangu mwenyewe.

Aproni ilikuwa imening'inia kwenye msumari karibu na mlango, kwa sababu siku ya mateke hatuvai aproni. Nikaishusha, nikaitandaza juu ya mahameli, nikauweka uzi juu yake fundo kwa fundo. Mgongo sawa. Kifua sawa. Kiuno sawa. Mabega sawa, na vile vidole viwili vikiwa mahali pake.

Mkasi nikauweka chini, maana najijua.

Uulkan alikosea kitu kimoja tu. Angeweza kununua kizibao sokoni, angeweza kumpa fundi wa mjini amkatie. Lakini alitaka kizuri, na kizuri hukata Burul, kwa hiyo akauleta mwili wa msichana kwa mtu pekee anayeujua mwili huo kwa vidole.

Nikatoka uani. Wanawake kumi walikuwa wamejipanga mstari, wameshikana mabega, wanaupiga mateke mzigo wa sufu uliofungwa kamba, mvuke unatoka. Toktokan yupo mbele anahesabu. Saykal yupo katikati, suruali imekunjwa mpaka magotini, anaimba wimbo anaoujua nusu. Uulkan alikuwa na birika la maji ya moto. Mama mkwe wangu, Kerez, alikuwa amekaa ndani kidogo ya mlango, pale jua linapofika, anasokota uzi kwa kijiti chake kama kila siku. Ana miaka themanini na moja. Sikio moja halisikii na la pili linasikia linachotaka.

"Uulkan," nikasema, "huyo binti wa Naryn anafuma?"

Birika likasimama hewani. "Anafuma kidogo."

"Kwa mkono wa kulia?"

"Dada Burul, watu wana kazi."

"Nimekuuliza, anafuma kwa mkono wa kulia?"

Toktokan akaacha kuhesabu. "Burul, rudi ndani. Tutaongea baadaye."

Hapo ndipo nilipojua kwamba naye anajua. Nikawatazama mmoja mmoja. Huyu anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Yule anajifuta jasho ambalo halipo. Mdogo wake Uulkan anajidai anakagua kamba za mzigo. Wote. Wote walijua isipokuwa mimi na Saykal. Wiki zote hizo tumekaa meza moja, chai moja, sufuria moja ya maandazi, nao wanamwangalia mtoto wa watu anadarizi kitambaa chake mwenyewe, na wanamsifu kushona kwake! Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, lakini mimi nilidhani ni mdudu mmoja, kumbe nguo nzima.

"Saykal," nikasema, "acha kupiga hiyo sufu. Njoo uvae kizibao chako cha harusi."

Akacheka. "Cha nani, dada?"

"Chako. Mahameli nyekundu. Bwana harusi ni Kubat. Nafasi uliyoiacha kwenye kitambaa ni ya jina lako, S ya kwanza ungeanza nayo leo."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Hakupiga kelele. Alimgeukia Toktokan, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma darasa la kwanza kabla hajawa mwenyekiti wetu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ulinipigia makofi."

"Na nitakupigia tena," Toktokan akasema. "Nani kasema utaacha kufuma? Nyumba ya Uulkan ipo hatua mia kutoka hapa. Utakuja Alhamisi, utafundisha, jioni unarudi kwako. Nimeshaongea na Uulkan, amekubali."

"Uulkan amekubali! Mimi nani kaongea na mimi?"

"Mwanangu," Uulkan akaanza, na machozi alikuwa nayo, sitasema uongo, "magoti yangu yamekwisha. Ng'ombe wanne nakamua peke yangu. Kubat anarudi Moscow Jumapili ijayo, hutamwona hata akikuudhi. Nakupenda kama binti yangu wa kumzaa. Ni mimi niliyekuchagua, si yeye."

"Kumbe wewe ndiye unayenioa, mama Kubat?" Saykal akamjibu. "Basi ungekuja kuniposa mwenyewe, nikukatalie mwenyewe."

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaka moto.

"Lini?" nikauliza. "Nataka kujua ni lini."

Toktokan akatupa jicho barabarani, nikaelewa. Baba yupo mlimani. Wanawake wote wapo sehemu moja. Chakula kimeshapikwa kwa Uulkan, maana tangu asubuhi nilisikia harufu ya mafuta ya kukaangia nikadhani ni njaa yangu. Leo. Gari lingekuja leo kumnyakua, hapa hapa chamani.

Nikatoa simu. Toktokan akatikisa kichwa taratibu, kwa ile huruma ya walimu. "Piga, Burul. Askari wa kijiji ni mjomba wake Kubat. Yupo njiani, analeta kondoo wa kuchinja."

"Sheria ipo!"

"Ipo."

"Mwezi wa tano tulikaa humu ndani siku mbili tunafundishwa haki za mwanamke! Walikuja watu wa Naryn na mashine ya picha, tukala biskuti zao, tukatia saini! Wewe Toktokan ulisoma kwa sauti ukurasa wa bibi-arusi wa kunyakuliwa, ukasema ni aibu ya taifa!"

"Hiyo ilikuwa semina," Toktokan akasema.

Naapa alisema hivyo. Hakuwa anatania. Kwake semina ni chombo cha wageni, kinatolewa kabatini wakija, wakiondoka kinafutwa vumbi na kurudishwa.

"Usijifanye umeshuka kutoka mwezini," akaendelea, sasa naye kapandwa na hasira. "Wewe mwenyewe uliletwa hivyo hivyo. Ulilia siku tatu, ukanyamaza, ukazaa, ukajenga. Jiwe huwa zito pale lilipoangukia. Jumash alikuwa mume mbaya? Sema mbele ya mama yake, huyo hapo."

Mama mkwe hakuinua macho kwenye uzi wake.

"Hakuwa mbaya," nikasema. "Na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba siwezi hata kumchukia vizuri. Alikuwa mpole, hakunipiga, alikufa akinishika mkono. Lakini hakuna aliyeniuliza! Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeshakubaliwa chuo cha ushonaji mji mkuu, Bishkek, sanduku limefungwa lipo mlangoni kwa mama. Miaka thelathini na moja natandika kitanda ambacho sikukichagua, halafu wewe unaniambia nimejenga!"

Sufu ilikuwa inapoa. Niliona mvuke umekwisha juu ya mzigo, na najua wote waliona, kwa sababu hata katika balaa mfumaji haachi kuangalia sufu. Kondoo kumi na wawili waliingia humo. Mdogo wa Uulkan akasema kwa kunung'unika, "Zulia limeharibika sasa, mmefurahi?" Nikamwambia alichukue akajifunike nalo uso.

Saykal hakusubiri tumalize. Alipita katikati yetu akaingia ndani, na nikasikia anavuta kitu kizito. Nilipochungulia, alikuwa amesimama nyuma ya kitanda cha mfumi na ule upanga wa mti mkononi, ule mzito wa kizamani ambao ungemvunja ng'ombe pembe.

"Dirishani kuna nondo, dada," akaniambia. "Nilishaangalia. Mlango ni huo huo mmoja. Basi waje. Wa kwanza namtoa pua."

Nilimpenda kwa maneno hayo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na niliogopa, kwa sababu najua wanakuja wangapi. Hawaji na mmoja wa kutolewa pua. Wanakuja wanne.

Walikuja wanne. Gari jeupe, vioo vyeusi, muziki unagonga. Kubat alishuka wa mwisho. Ni kijana mwembamba, koti jipya, nywele zimenyolewa juzi. Alipotuona tumesimama namna ile, na Saykal hayupo, aligeuka kwa mama yake. "Mama, si ulisema ameshaambiwa?"

"Ameambiwa sasa hivi," nikasema mimi. "Na amekataa. Geuza gari."

"Wote hukataa mwanzoni, dada," akasema rafiki yake mmoja, kijana mnene mwenye kofia. "Ndiyo heshima yenyewe. Akikubali haraka watu watasemaje?" Wenzake wakacheka.

Nikasimama mlangoni, nikashika miimo yote miwili. Nina miaka hamsini na miwili na mikono ya mkasi, siyo mtu wa kusukumwa kirahisi. Lakini yule mnene akanishika viwiko, kwa adabu zote, akisema, "Samahani dada, tusivunjiane heshima, samahani sana," na huku anasema samahani ananibeba kunitoa mlangoni kama anahamisha kabati. Nikampiga teke la ugoko. Akasema samahani tena. Wanawake wenzangu, niliofuma nao miaka kumi na sita, wakasimama wanatazama. Hakuna aliyeinua hata ufagio. Ndani Saykal akaupiga upanga kwenye mti wa kitanda, pa! pa! akapiga kelele, "Ingia! Ingia uone!"

Kubat akapiga hatua kuelekea mlangoni. Ndipo akasimama.

Mama mkwe wangu alikuwa ameweka chini kijiti chake cha kusokotea. Alishuka kutoka kwenye kigoda akatua kwa magoti, kisha kiganja, kisha ubavu, polepole, akihema, mpaka akajinyoosha kizingitini kutoka mwimo mmoja hadi mwingine. Kilemba chake cheupe akakikunja chini ya shavu. Akatulia.

Huku kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mwanamke mzee akilala kizingitini, asiyejali akamruka, laana inamfuata: hatazaa, na akizaa hatalea. Hiyo ndiyo kufuli ya mwisho wanayofungiwa wasichana. Umeburutwa, umevalishwa mtandio mweupe kwa nguvu, umelia, umewauma watu mikono, umepata upenyo ukakimbilia mlangoni, na pale mlangoni kalala bibi wa watu, mdogo, mkongwe, anakuambia, "Ruka, mwanangu, kama unaweza." Na huwezi. Unarudi kukaa nyuma ya pazia. Mimi nilirudi. Aliyelala siku ile alikuwa Kerez mwenyewe.

Ila sijawahi kusikia bibi aliyelala kuwazuia wanaume wasiingie.

"Bibi," Kubat akasema, "bibi Kerez, inuka, utapata baridi."

"Nimezoea," mama mkwe akasema.

"Mwondoeni mtu mzima hapo," Toktokan akaamrisha, lakini hakusogea yeye, na hakuna mwingine aliyesogea. Kumburuta mzee aliyelala namna ile ni kubaya kuliko kumruka.

"Haya ni mambo ya kizamani," yule mnene akasema. Aliniachia viwiko, akavua kofia, akaivaa tena. "Kubat, we ruka tu. Huko Moscow kuna bibi gani?"

"Ruka," mama mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayoniombea nayo chai. "Wewe ni mtoto wa pekee wa mama yako, siyo? Ruka, mwanangu. Tuone atabeba wajukuu wa nani."

Kubat aliinua mguu. Nasema niliuona umeinuka, kiatu cheupe kipya, kimesimama hewani juu ya mbavu za yule mzee. Na mkono wa Saykal nao ukainuka na upanga.

Kelele iliyotoka haikuwa yangu wala ya Saykal. Ilikuwa ya Uulkan.

"Kubat! Usithubutu! Shusha mguu! Shusha huo mguu, nakwambia, unataka kunizikia ukoo?" Alilitupa birika, akamkimbilia mwanawe, akamshika koti kwa nyuma, akamvuta mpaka mshono wa bega ukaachia. "Twende nyumbani! Twende! Sitaki! Sitaki tena!"

Mwanamke yule yule. Machozi ya Saykal yasingemtikisa, sheria haikumtikisa, baba wa watu aliyepo mlimani hakumkumbuka hata kidogo. Alitikiswa na wajukuu ambao hawajazaliwa.

Kubat hakubisha. Nadhani aliona nafuu, na hata hilo lilinikera. Waliingia garini, muziki hawakuuwasha, wakaondoka kwa kurudi nyuma kwa sababu njia yetu haina pa kugeuzia. Uulkan akawafuata kwa miguu, huku anachechemea na magoti yake. Wengine wakatawanyika mmoja mmoja bila kuaga. Toktokan ndiye aliyebaki, akaenda kufungua kamba za mzigo wa sufu, akaikunjua, ikawa imekatika vipande vipande. Akaanza kuvikusanya kwenye gunia.

Ndani, Saykal alikuwa ameuweka upanga chini na kukaa juu ya kitanda cha mfumi, anatukana matusi yote aliyowahi kuyajua na mengine ya kubuni.

Mimi nilikuwa nimerudi mlangoni, nimesimama upande wa nje, mama mkwe wangu kalala mbele ya miguu yangu. Nikatazama saa ya ukutani, ile ya chekechea yenye namba kubwa za rangi. Tangu alipolala mpaka gari lilipoondoka, dakika kumi hazikutimia.

Dakika kumi! Hakupigana, hakupiga kelele, hakuhitaji askari wala semina. Alijilaza tu. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na moja nikijiambia kwamba siku ile hakukuwa na namna, kwamba ndivyo dunia ilivyokuwa, wanaume walikuwa wengi, mlango ulikuwa mmoja, nani angefanya nini. Hivyo ndivyo nilivyoweza kumpikia, kumfulia, kumkata kucha za miguu. Kumbe namna ilikuwepo, na aliyekuwa nayo alikuwa yeye, na siku ile alilala vile vile, kizingitini vile vile, kwa kilemba hicho hicho, akanizuia mimi.

"Burul," akasema kutoka chini. "Mgongo umekaza. Niinue."

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Ulijua kwamba kulala tu kunatosha."

Sikio lake zuri lilikuwa upande wa juu, kwa hiyo najua alisikia. "Nilikuwa nataka mkwe," akasema. "Kama Uulkan tu. Niinue, mwanangu."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, umekunjamana, una alama ya uzi kwenye kidole cha shahada. Nimeushika mkono huo maelfu ya mara. Siku hiyo sikuushika. Saykal ndiye aliyekuja, akapiga magoti, akamshika kwapani akamkalisha kwenye kigoda chake, akamfuta vumbi shavuni na kumbusu kichwani, akimwita bibi, bibi yangu, malaika wangu.

Nikageuka pale kizingitini, nikarudi uani, nikasimama mbele ya magunia ya sufu iliyoharibika. Nilikuwa nalia, na sikutaka yeyote kati yao adhani ni kwa furaha.